Mtunzi Akifa, Kundi Lifungwe?

Katikati ya mwaka 2009 dansi ya kisasa ilipata misiba miwili ndani ya mwezi mmoja. Pina Bausch alifariki Ujerumani tarehe 30 Juni. Merce Cunningham akafuata, New York, tarehe 26 Julai, akiwa na miaka 90. Kila mmoja aliacha kundi lililozoea kusubiri neno lake. Kundi la Pina liliendelea, na makao yake bado ni Wuppertal. Kundi la Merce lilizunguka dunia kwa karibu miaka miwili, likacheza mara ya mwisho mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 2011, kisha likavunjwa. Halikuwa limefilisika, wala wachezaji hawakuwa wamegombana. Mpango wa kulivunja ulitangazwa Merce mwenyewe akiwa hai.

Ubishi uliozaliwa hapo haujazeeka. Nimeugawa kwa sauti nne, na niseme mapema kwamba si watu halisi. Nimewaumba ili nisibishane peke yangu. Kuna Mwalimu, mama aliyefundisha dansi tangu magoti yake yalipokuwa mapya. Kuna Mchezaji, kijana anayetafuta riziki jukwaani. Kuna Mkutubi, ambaye kazi yake ni filamu, makaratasi na masanduku. Na kuna Wakili, mtu wa Mombasa, anayependa dansi lakini anapenda mikataba zaidi. Mwenyekiti ni mimi, na sikuahidi kukaa kimya.

MCHEZAJI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Haya, anza wewe, maana naona mdomo unakuwasha.

MCHEZAJI: Mimi nasema lifungwe. Hebu tazameni yule mzee Cunningham alivyofanya kazi. Alirusha sarafu na dadu kuamua mwendo upi utangulie, nani aingie, atokee upande gani. Muziki ulitungwa kivyake, na John Cage au mwingine; mapambo ya jukwaa yalitengenezwa kivyake; na ilitokea wachezaji wakausikia muziki kwa mara ya kwanza usiku wa onyesho lenyewe. Mazoezini walijipima kwa saa ya kupimia muda tu. Alipopata baridi yabisi na mwili ukaanza kumkatalia, akahamia kwenye kompyuta, akatunga kwa programu iitwayo LifeForms, akawaletea wachezaji miendo ambayo mwili wa binadamu kwanza unaikataa, halafu unaizoea. Mzee wa miaka zaidi ya 70, na bado anageuka! Sasa kundi hilo ukiliendeleza bila yeye unaendeleza nini? Utabaki unarudia alivyokuwa siku ya kufa kwake, jambo ambalo yeye mwenyewe asingelikubali hata wiki moja.

Halafu angalieni alivyoaga. Siku tatu za mwisho katika Park Avenue Armory, jengo la zamani la jeshi, majukwaa matatu kwa wakati mmoja, watazamaji wakizunguka wanavyotaka. Tiketi dola 10, ili mwanafunzi naye aingie. Wachezaji waliijua tarehe ya mwisho wa ajira yao mapema, na fidia yao ilikuwa kwenye mpango. Mimi nimepita makundi mawili hapa kwetu, na yote mawili yalikufa kwa simu kutopokelewa. Kundi linalokufa kwa barua na malipo, mimi nalipigia saluti.

MKUTUBI: Saluti nami napiga, ila usiseme kana kwamba kila kitu kilizikwa. Kabla ya kufunga walitengeneza vifurushi vya kidijitali vya kazi zaidi ya 80. Ukifungua kifurushi kimoja unakuta video za maonyesho na za mazoezi, muziki, ramani ya taa, michoro ya maleba, na maandishi ya mtunzi. Maleba na mapambo yenyewe yalichukuliwa na jumba la sanaa la Walker, Minneapolis. Chukua mfano wa RainForest ya mwaka 1968. Andy Warhol alitoa mito ya plastiki ya rangi ya fedha iliyojazwa gesi, ikawa inaelea jukwaani na kuwagonga wachezaji. Jasper Johns alichanachana nguo zao kwa wembe zikiwa mwilini. Leo kundi la Ufaransa likitaka kuicheza, linajua mito mingapi, gesi gani, mpasuko uko wapi.

MWALIMU: Mwanangu Mkutubi, umenitajia mito na wembe. Hujaniambia mguu unatoka wapi.

MKUTUBI: Mguu uko kwenye video.

MWALIMU: Kwenye video uko kinyume. Mwanafunzi anaitazama skrini kama kioo, anachukua kulia kwa kushoto, na akifika mzunguko wa tatu ameshagongana na mwenzake. Hilo dogo, linarekebishika. Kubwa ni kwamba video ni ushahidi wa usiku mmoja. Usiku huo yule binti alikuwa na kifundo cha mguu kimevimba, akafupisha mruko. Mwenzake akachelewa kidogo kumfunika. Miaka 30 baadaye unawafundisha vijana 14 kufupisha mruko kwa uangalifu mkubwa, na kuchelewa kwa uangalifu mkubwa, mkiita hiyo heshima kwa mtunzi.

MCHEZAJI: Ndiyo maana nasema lifungwe!

MWALIMU: Hapana, ndiyo maana nasema lisifungwe. Tulia kwanza.

MKUTUBI: Kuna alama za kuandikia dansi, Mwalimu. Rudolf Laban alizitoa mwaka 1928, na ofisi ya kuziandika ipo New York tangu 1940.

MWALIMU: Zipo, na ninaziheshimu. Wanaozisoma kwa ufasaha wakikutana, basi moja litawatosha na viti vitabaki.

MKUTUBI: Basi nikupe mfano ambao hautaubishia. Mwaka 1936 mtunzi Martha Graham alialikwa kucheza Berlin wakati wa Olimpiki ya Hitler. Akakataa. Mwaka huohuo akatunga Chronicle, kazi ya wanawake pekee kuhusu vita na njaa na kuandamana. Baada ya miaka michache haikuchezwa tena, ikatoweka. Nusu karne nzima! Ikaja kupatikana filamu, vipandevipande, ya sehemu yake moja iitwayo Steps in the Street. Kwa vipande hivyo sehemu ile ikafufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, nyingine zikafuata kwa msaada wa picha za Barbara Morgan, na leo ni miongoni mwa kazi zinazowainua watu vitini. Sehemu tatu zimerudi kati ya tano. Bila filamu, ingekuwa sifuri kati ya tano.

MWALIMU: Aliyeifufua ni nani?

MKUTUBI: Yuriko.

MWALIMU: Enhe. Waeleze Yuriko ni nani.

MKUTUBI: Yuriko Kikuchi. Mmarekani mwenye asili ya Japani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Marekani ilimfungia kambini, jangwani Arizona, pamoja na maelfu ya wenzake, na hata humo kambini alifundisha dansi. Alipotoka akaenda New York, na mwaka 1944 akaingia kundi la Graham.

MWALIMU: Akakaa na mwanamke yule miaka mingapi, akijifunza kubana tumbo na kuachia, kubana na kuachia, mpaka mifupa ikaelewa. Filamu yako ilimwangukia mtu aliyejua kile ambacho kamera haikuona: kwamba wale wanawake hawatembei, wanasukumwa na pumzi. Ungempa filamu hiyohiyo mtu ambaye hajapita kwenye darasa lile, angekutolea wanawake wanaotembea kinyumenyume wakiwa wamevaa nyeusi.

Mwenyekiti anaingilia. Ubishi wa video dhidi ya mwili huwa unasemwa kana kwamba mtu lazima achague kimoja. Mimi naona tatizo liko kwenye saa. Filamu inaweza kukaa kwenye kopo miaka 50 ikisubiri, mwili hausubiri. Yuriko alikuwa anakaribia miaka 70 alipofanya kazi ile. Angetangulia, filamu ingekuwa nzima na bubu. Hivyo swali la kuliuliza kila kundi lenye mtunzi mzee si kama limerekodi. Ni kama waliocheza mara ya kwanza bado wanaitwa chumbani kusahihisha, na wanalipwa nauli.

WAKILI: Mmeongea mengi matamu, lakini mnaongea kana kwamba dansi ni hewa. Dansi ni mali. Na mali bila daftari hupotea bila habari. Graham alifariki tarehe 1 Aprili 1991, akiwa na miaka 96. Wosia wake ulimpa mali yake mtu mmoja, Ron Protas. Huyu alikuwa mpiga picha, hakuwa mchezaji, lakini alikuwa msiri wake kwa miaka mingi, na baada ya msiba akaliongoza kundi. Mambo yakaharibika baina yake na bodi. Wakamwondoa. Mwezi Mei 2000 bodi ikasimamisha shughuli zote kwa kukosa fedha. Shule nayo ikafungwa kwa miezi. Protas akaenda mahakamani akidai kwamba jina ni lake, mbinu ya kufundisha ni yake, na dansi zote ni zake. Maana yake, wachezaji waliozibeba dansi zile mwilini wasingeweza kuzicheza bila ruhusa yake.

MCHEZAJI: Na wosia si ulikuwepo? Maandishi ni maandishi.

WAKILI: Ngoja. Jaji Miriam Goldman Cedarbaum alianza kwa kuuliza swali ambalo wenye wosia hawakulipenda: je, marehemu alikuwa na hicho anachorithisha? Kumbe Graham mwenyewe, akiwakimbia watoza kodi na shughuli za fedha alizozichukia, alikuwa ameanzisha kituo kisicho cha faida mwaka 1948, na kuanzia 1956 akawa mwajiriwa. Analipwa mshahara kama mhasibu na mfagiaji. Na sheria ya Marekani inasema kazi ya mwajiriwa ni mali ya mwajiri. Hukumu ikatoka Agosti 2002. Dansi 70 zilikuwa mezani. Kituo kikapewa 45. Kumi hazikuwa na mwenyewe, ulinzi wake wa kisheria ulishakwisha, kila mtu ruksa. Nyingine zilikuwa za waliozilipia zitungwe, nyingine hakuna upande ulioweza kuthibitisha. Protas akapata moja: Seraphic Dialogue. Moja, wallahi. Rufaa ya mwaka 2004 ilirekebisha hesabu kidogo, lakini msingi ukabaki palepale.

MCHEZAJI: Kwa hiyo mwanamke ametunga dansi tangu miaka ya 1920, mwili wake mwenyewe ndio karatasi, na mahakama inamwambia kazi yako ni ya mwajiri? Wakili, hilo hulioni kuwa dhuluma?

WAKILI: Naliona kuwa bahati. Kwetu Pwani mtu akitaka shamba lake lisiuzwe wala lisigawanywe na warithi wanaogombana, analiweka wakfu, na manufaa yanakwenda kwa wale aliowataja. Graham aliziweka dansi zake wakfu bila kukusudia. Kituo kile, pamoja na bodi yake na madeni yake, kilikuwa na shule na wachezaji. Mrithi mmoja hakuwa navyo. Kwa sheria ya kawaida ya mirathi, leo ungekuwa unaomba ruhusa kwa mtu mmoja na warithi wake.

MWALIMU: Na msimamizi wa wakfu akiwa mbovu?

WAKILI: Hilo, Mwalimu, tunalijua vizuri zaidi Pwani kuliko New York.

Sitaficha kwamba hukumu ile inanitatiza. Ilifika mahali pazuri kwa njia mbaya. Kila mtunzi kijana anayefungua taasisi ndogo, akajiandikia mshahara ili aonekane nadhifu mbele ya wafadhili, anaweza kuwa anatia saini kitu asichokisoma. Watunzi wengine wa Marekani walikuwa na wasiwasi huohuo, na hawakukosea. Cunningham, kwa upande wake, alichukua njia nyingine. Kazi zake aliziweka chini ya Wakfu wa Merce Cunningham, chombo kilichoundwa mahususi ili kizitoe kwa leseni na kuwatuma waliokuwa wachezaji wake wakazifundishe kwenye makundi mengine. Mmoja alipanga, mwingine alipangiwa na jaji.

Na kuna habari ya jengo moja lazima niitie hapa. Westbeth, upande wa magharibi wa Manhattan, zamani lilikuwa la maabara za simu za Bell, kisha mwaka 1970 likafunguliwa kuwa makazi ya wasanii. Ghorofa ya kumi na moja ilikuwa studio ya Cunningham kwa miongo minne. Sasa Cunningham mwenyewe alikuwa mtoto wa nyumba ya Graham. Alicheza naye kuanzia 1939 hadi 1945, ndiye mhubiri katika Appalachian Spring ya mwaka 1944, akatoka kwa sababu hakuitaka tena dansi inayosimulia masikitiko ya moyo. Kundi lake lilipovunjwa na studio ikawa tupu, nani aliyehamia mwaka 2012? Kundi la Martha Graham. Likapandisha wachezaji juu na kushusha mizigo chini, kwenye chumba cha ardhini. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo Kimbunga Sandy kikausukuma mto Hudson barabarani, na maji yakakijaza chumba kile. Maleba kwa maelfu yakalowa, pamoja na mapambo aliyoyabuni Isamu Noguchi.

MKUTUBI: Naomba tusiiongelee kama hadithi ya kuchekesha. Chumba cha ardhini, mita chache kutoka mtoni! Mimi nilipoisoma habari ile sikula. Nguo ya mwaka 1946 ikishakaa kwenye maji ya chumvi na mafuta ya taka, unachopata baada ya kukausha ni kumbukumbu ya nguo.

MWALIMU: Pole, mwanangu. Lakini ghorofa ya kumi na moja, siku maji yalipopungua, waliendelea na darasa?

MKUTUBI: Kundi lilirudi jukwaani, ndiyo. Maleba yakashonwa upya, mapambo yakatengenezwa upya.

MWALIMU: Kubana na kuachia hakukulowa.

MKUTUBI: Na michoro ya kushonea ilitoka wapi, Mwalimu? Kwenye makaratasi! Mwaka 2020 maktaba ya umma ya New York iliichukua hazina yao ya nyaraka, filamu na picha, ikawekwa mahali pakavu. Wewe unapenda mwili kwa sababu haujawahi kukuangusha mbele ya hadhira. Mimi nimeona wazee watatu waliocheza kazi moja wakigombana juu ya mkono wa kushoto, kila mmoja anaapa.

MWALIMU: Hapo umenipata. Mwili una uongo wake. Unakumbuka kwa upendeleo.

MCHEZAJI: Sasa mbona darasa mnalitaja kila dakika na hamlielezi?

MWALIMU: Nilikuwa nakusubiri uulize. Darasa la Graham linaanza sakafuni. Mmekaa, mgongo wima, na kazi ya kwanza inatoka kwenye nyonga na pumzi. Mwili unajikunja ndani kama uliopigwa, halafu unafunguka. Baadaye ndiyo mnapiga magoti, mnasimama, mnaruka. Mambo yote ya Clytemnestra na Medea, wale wanawake wa hadithi za Kigiriki, yamo humo tayari, kabla ya mtu kutaja hadithi. Darasa la Cunningham linaanza mmesimama. Mgongo unafanya kazi yake, ukiinama, ukizunguka, ukipinda, na miguu inafanya yake, kama vile kiwiliwili na miguu havijatambulishwa. Hisia hufundishwi. Unachofundishwa ni kuubeba muda ndani yako, maana muziki hautakusaidia. Sasa nionyeshe kifurushi cha kidijitali kinachomfanya mtu abebe muda ndani yake. Hicho ni cha kila asubuhi, miaka mitatu, minne, na watu walewale pembeni mpaka unasikia jirani anavuta pumzi kabla hajaondoka.

Ndiyo maana namwambia kijana lisifungwe. Kundi ndilo sababu ya darasa. Ukivunja kundi, darasa linabaki kuwa mazoezi ya viungo ya kihistoria. Watu wanakuja, wanatoka jasho, wanarudi nyumbani, na hakuna dansi inayowasubiri saa nane mchana.

MCHEZAJI: Samahani, Mwalimu, hapo nakukatalia kwa adabu zote. Tarehe 16 Aprili 2019, Cunningham angetimiza miaka 100. Wakacheza solo 100 katika kila mmoja wa miji mitatu siku hiyohiyo: London, New York, Los Angeles. Wachezaji 75, wengi wao hawakuwahi hata kumwona. Waliofundisha ni waliokuwa wachezaji wake. Kundi lilikuwa limeshavunjwa miaka saba! Na niliyoyaona kwenye video yalikuwa hai kuliko makundi mengi yenye ofisi na mkurugenzi. Kulikuwa na miili ya kila aina, mirefu, minene, ya ballet, ya mtaani. Hilo lisingetokea kundi lingekuwepo, kwa sababu kundi lingesema kazi hizi ni zetu.

MWALIMU: Nami niliziona. Zilikuwa nzuri sana. Zilikuwa solo.

MCHEZAJI: Ndiyo, na...?

MWALIMU: Nimesema zilikuwa solo. Watu 14 wanaosikilizana bila muziki hawapatikani kwa wiki chache za mazoezi.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha mjadala mzima, na Mwalimu amekigusa bila kelele. Kuna kazi zinazoweza kuvuka kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Mzee mmoja, kijana mmoja, chumba, wiki tatu. Na kuna zile ambazo zimo katikati ya watu, kwenye nafasi baina yao, na hizo hazina mwili mmoja wa kuzihamisha. Leseni na vifurushi vinazitunza za kwanza vizuri sana. Za pili zinahitaji watu wanaoamka pamoja. Cunningham aliamua kuzilipa hizo kama bei ya kutogeuzwa sanamu, na alikuwa na haki ya kuamua. Ila ninapowasikia wanaomsifu wakisema hakuna kilichopotea, nawaona wanataka kununua bila kulipa.

MKUTUBI: Kuna njia ya tatu mnaisahau. Pina. Mwanawe, Salomon Bausch, alianzisha taasisi ya kutunza kazi zake mwaka uleule wa msiba. Kundi la Wuppertal likaendelea. Halafu kazi yake ya mwaka 1975, ile ya muziki wa Stravinsky inayochezwa juu ya udongo uliomwagwa jukwaa zima, ikapelekwa Senegal, kwenye shule ya Germaine Acogny, École des Sables, kijijini Toubab Dialaw. Wachezaji kutoka nchi 14 za Afrika. Waliofundisha wakiongozwa na Josephine Ann Endicott, aliyekuwa kwenye kazi hiyo enzi za mwanzo. Machi 2020 walikuwa siku chache kabla ya onyesho la kwanza Dakar, korona ikafunga kila kitu. Wakatoka kwenda ufukweni, jua likizama, wakaicheza mara moja juu ya mchanga kamera ikiwaka, kisha wakatawanyika makwao. Ziara yenyewe ilikuja kuanza mwaka 2021.

MCHEZAJI: Ile filamu nimeiangalia mpaka data ikaisha. Nilipenda, na nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu Mjerumani amekufa na dunia imekusanyika: taasisi, leseni, wafundishaji, ndege kutoka nchi 14, ili miili yetu isaidie kuhifadhi kazi yake. Sawa. Mama Acogny ana mbinu yake mwenyewe, ameifundisha tangu kabla mimi sijazaliwa, aliongoza shule ya dansi ya Mudra Afrique pale Dakar tangu 1977. Nani anakusanya wachezaji wa nchi 14 za Ulaya wajifunze ya kwake kwa miezi?

MWALIMU: Katika onyesho lilelile alicheza mwenyewe, na Malou Airaudo, mchezaji wa Pina wa siku nyingi. Bibi wawili, jukwaa moja. Usilisahau hilo.

MCHEZAJI: Silisahau, Mwalimu. Lakini wao walitangulia na Pina akamalizia. Na tukija kwetu je? Mwaka 1997, Nairobi, Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen walianzisha kundi la Gàara. Linyekula akarudi Kongo, akaanzisha Studios Kabako mwaka 2001, akaja kuweka makao Kisangani, mji ambao hata mimi na Kiswahili changu nitaagiza chai. Dansi ya kisasa ya ukanda wetu ina miji na miaka, si kitu cha jana. Sasa mimi nikitaka kujifunza kazi za Nairobi za mwaka 1998, si kuzisoma, kuzicheza, naingia mlango gani?

WAKILI: Mlango wa waliozicheza. Wako hai. Ndiyo faida ya historia fupi: hujachelewa. Lakini ukiingia, ingia na karatasi.

MWALIMU: Na sisi Tanzania tulishalifanya hili upande wa ngoma za asili, tena bila kuliita mpango. Kulikuwa na Kundi la Taifa la Ngoma. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, baadhi ya waliocheza kundi lile wakawa walimu wake. Jukwaa likageuka darasa. Watu waliopita Bagamoyo wamejifunza sindimba kwa waliokwisha kuipeleka mbele ya wageni wa taifa. Hiyo ni njia ya nne, Mkutubi, iandike.

MKUTUBI: Nitaiandika. Lakini niruhusu niulize, Mwalimu: ngoma ikitolewa kijijini ikafanywa ya jukwaa, dakika saba, mistari miwili, ndiyo iliyofundishwa chuoni. Ile ya kijijini, ya usiku kucha, ilihifadhiwa na nani?

MWALIMU: Na kijiji.

MKUTUBI: Na kijiji kikihamia mjini?

MWALIMU: Maswali mengine waachie wenyewe.

Nimeliacha jibu hilo lilivyo, ingawa sikuridhika nalo, na nadhani hata Mwalimu hakuridhika.

WAKILI: Nami nina langu dogo, na ndilo lililonileta. Mwalimu, umetunga kazi ngapi?

MWALIMU: Sijahesabu. Kama kumi na moja, kumi na mbili, zile zinazostahili jina.

MKUTUBI: Zimerekodiwa?

MWALIMU: Mbili. Moja ilirekodiwa na baba wa mwanafunzi, alikuwa anamfuata binti yake tu kwa kamera.

WAKILI: Ni za nani?

MWALIMU: Za nani vipi? Za wanafunzi wangu.

WAKILI: Wanafunzi ni wengi. Yupi? Na ulipotunga ulikuwa unalipwa na nani, shule au mwenyewe? Maana kama shule, umemsikia jaji.

MCHEZAJI: Mwalimu, mimi najua tatu kwa ukamilifu na nusu ya ya nne.

MWALIMU: Unajua mbili. Ile ya tatu unaingia mapema.

MCHEZAJI: Ndivyo ulivyotufundisha!

MWALIMU: Ndivyo ulivyokumbuka. Njoo Jumamosi saa tatu. Mkutubi alete kamera yake, akae kona ya nyuma ili kulia kuwe kulia. Na wewe Wakili lete hiyo karatasi, lakini kwenye karatasi hiyo uniandikie pia anayelipa ukumbi, kwa sababu ukumbi ni shilingi elfu arobaini kwa saa, na tangu tuanze kuongea sijasikia yeyote kati yenu akiutaja.